Kuchora kwa kutumia picha ni kukopi? Naomba kueleweshwa kuhusu Marlene Dumas

Binti_Chumbageni

Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo zenu.

Nataka kumjua mchoraji mmoja wa Uholanzi anaitwa Marlene Dumas. Ila nianze na kazi yangu, bila hiyo swali langu halitaeleweka.

Niko Tanga, Chumbageni, nachorea barazani kwa mama. Nachora sura za watu kutoka kwenye picha. Wateja wangu wengi ni waliofiwa. Mtu anakuja na picha ya pasipoti, au kitambulisho cha mpiga kura, au simu yenye picha ya harusi ambayo marehemu yuko nyuma ya watu, kichwa nusu, halafu ananiambia, "Nitolee baba yangu hapa." Namtoa. Penseli au rangi ya mafuta, wiki mbili, shilingi 80,000 mpaka 150,000 kutegemea ukubwa. Kazi hiyo ndiyo iliyomlipia ada mdogo wangu mpaka kamaliza kidato cha sita.

Mwezi uliopita nilipeleka kazi nne kwenye maonyesho ya wachoraji chipukizi Dar. Mkubwa mmoja aliyekuwa akipitia kazi za watu alisimama mbele ya zangu, akasogea karibu, akasema kwa sauti, "Huyu anakopi picha. Fotokopi inafanya hivi kwa shilingi mia." Watu wakacheka. Nilipanda basi la jioni na kazi zangu nne zimefungwa kwenye khanga, na tangu siku hiyo sijashika brashi.

Sasa juzi usiku, nikipekua simu, nikakutana na mchoro wa huyu mama. Unaitwa "Mchoraji", wa mwaka 1994. Ni mtoto wa kike mdogo, uchi, amesimama wima, anakutazama kama mtu aliyekatizwa kazini. Mkono mmoja umelowa nyekundu, mwingine buluu ya giza. Tumbo nalo lina ubuluu. Usoni kuna kazi nyingi, lakini macho yakishuka kuelekea miguuni rangi inazidi kuwa nyepesi mpaka unaona kama mchoraji aliitwa jikoni akaacha. Nikasoma kwamba huyo mtoto ni binti yake, alipigwa picha kipindi cha joto akiwa amejipaka rangi, na mama mtu akaichukua picha ile akaitanua ikawa mchoro wa mita mbili kwenda juu. Sasa uko jumba la sanaa la MoMA, New York.

Kumbe naye anachora kutoka kwenye picha! Usingizi ukakata.

Maswali yangu: ni nani hasa? Ametokea wapi mpaka akachora hivi? Na anathubutuje kuacha sehemu bila kumaliza? Maana mimi mteja wangu anahesabu mpaka ndevu. Nikimwachia sikio nusu ananirudishia kazi na nauli yake anadai. Kiingereza changu ni cha shuleni, makala nyingi zinanishinda, ndiyo maana nimekuja hapa.

—

MamaTilburg

Marahaba mwanangu. Swali lako limenishika, nimeacha vyombo kwenye sinki.

Mimi ni mtu wa Marangu, nina miaka 52, niko Uholanzi mwaka wa 19 sasa, mji wa Tilburg. Kazi yangu ni kulea wazee. Sijasomea sanaa. Lakini huyo Dumas mimi nilikutana naye ukutani, na ninajua la kukuambia.

Kulikuwa na mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, ujana wake aliufanyia kazi kwenye kiwanda cha kusokota nyuzi za sufu. Tilburg ilikuwa mji wa sufu, viwanda vikafungwa kimoja kimoja. Kile kimoja, tangu 1992, wamekigeuza jumba la sanaa linaitwa De Pont. Mzee akawa ananiomba kila wiki nimsukume na kiti chake cha magurudumu akalione jengo lake. Siku ya zamu yangu nyepesi nikamsukuma. Yeye hakutazama mchoro hata mmoja. Alikuwa akinionyesha vile vyumba vidogo vya pembeni walimokuwa wakiweka marobota ya sufu, anagusa milango, anavuta pumzi kama harufu bado ipo.

Nikageuza kiti, na mbele yangu ukuta mzima watu weusi.

Nilisimama. Karatasi ndogo ndogo, zimepangwa safu juu ya safu, kila moja sura moja. Zinaitwa "Michoro Myeusi", kazi ya 1991 na 1992. Ziko 111, na pamoja nazo kuna kibao kimoja cha jiwe jeusi, jiwe la aina ile ya vibao tulivyoandikia shule zamani. Wino na maji tu. Wanaume, wanawake, mmoja anafanana na shangazi yangu wa Kilema mpaka nikasogea kutafuta kovu. Alizitoa kwenye picha za zamani, picha za watu ambao aliyewapiga hakujali majina yao. Nimeishi nchi hii miaka mingi nikiwa mtu mweusi peke yake chumbani, kwenye basi, kwenye mkutano wa kazini. Siku ile sisi ndio tulikuwa wengi. Mzee akaniuliza mbona nimenyamaza.

Nikasogea karibu, karibu kabisa, nikaona kitu ambacho wewe mchoraji utakielewa kuliko mimi. Uso haukuchorwa kwa mistari. Wino umemwagwa kwenye maji ukakimbia wenyewe, ukakauka na kuacha ukingo mweusi, kama chumvi inavyoacha alama kwenye shati la mtu aliyelima juani. Jicho ni doa. Doa moja, lakini linakuangalia. Hakuna nyuso mbili zenye weusi mmoja: huyu mweusi wa kahawa, huyu wa buluu, huyu kama moshi. Ukiwa mweusi unajua hivyo tangu kuzaliwa. Kamera nyingi hazijui mpaka leo.

Basi nikarudi nyumbani nikaanza kumsoma, kwa Kiholanzi, polepole.

Amezaliwa 1953 Cape Town, Afrika Kusini, akakulia Kuils River kwenye shamba la mizabibu la familia yake. Ni Mzungu, lugha yake ya nyumbani ni Kiafrikana. Kwa hiyo utoto wake wote umepita ndani ya ubaguzi wa rangi, upande wa wanaofaidi. Jambo hili usilipite haraka, ndilo lililomfanya awe mchoraji wa aina yake. Na lingine: Afrika Kusini serikali ilikataa televisheni mpaka Januari 1976. Fikiria, msichana anakua bila televisheni, dunia anaijua kwa magazeti na picha za kuchapwa. Amesoma sanaa Chuo Kikuu cha Cape Town, shule ya Michaelis, na mwaka huohuo wa 1976 akaondoka kuja Uholanzi, miaka 23, akasome Haarlem mahali panaitwa Ateliers '63. Baadaye akasoma kidogo saikolojia Amsterdam. Hakurudi kuishi kwao. Amsterdam ndiyo nyumbani mpaka leo, na Uholanzi ikamtuma kuiwakilisha kwenye maonyesho ya Venice mwaka 1995. Kwa hiyo wanaouliza kama ni Mholanzi au Mwafrika Kusini, jibu ni kwamba yeye ni vyote viwili na kazi zake zinatokana na hapo katikati.

Mwanzoni huku hakuchora sura. Alikuwa anakata picha za magazeti, anabandika, anaandika maneno. Sura kubwa kubwa za rangi ya mafuta zilianza katikati ya miaka ya 80. Mwaka 1985 alizionyesha Amsterdam kwa jina la "Macho ya Viumbe wa Usiku". Kati ya hizo kuna moja ya 1984, amejichora mwenyewe, nywele rangi ya moto, amegeuka kwenye kiti anatutazama kwa upole tu, sura ya dada wa kawaida. Kisha akaipa jina: "Ubaya ni Kitu cha Kawaida". Iko Eindhoven, jumba la Van Abbe, nusu saa kwa treni kutoka kwangu. Nimekwenda kuiona. Mtu aliyekulia ndani ya dhuluma anajichora mwenyewe, hajichori akilia wala akiomba msamaha, anaweka uso wake pale na jina lile chini. Mimi nilikaa kwenye benchi nikaitazama muda mrefu. Sikumpenda wala sikumchukia. Nilimwamini.

Sasa swali lako la picha. Mwanangu, yeye hachori mtu aliyekaa mbele yake. Anachora kutoka kwenye picha: za magazeti, za filamu, kadi za posta, alizopiga mwenyewe na kamera ya Polaroid. Ana marundo ya picha. Huyo aliyekuambia fotokopi inafanya hivyo, ampelekee Dumas fotokopi tuone.

Kuhusu kuacha sehemu bila kumaliza, nakuomba utazame tena ile miguu ya mtoto. Uso na mikono ndiyo inayofanya kazi pale. Mtoto mwenyewe anajijua kwa mikono yake iliyochafuka. Miguu ingechorwa kila kidole, macho yangekimbilia chini. Mimi si fundi, ila hata kushona nguo tunajua pa kuweka nakshi na pa kuacha kitambaa kipumue.

Na bei, kwa kuwa najua wengine watauliza: Mei 2025 mchoro wake wa 1997 uitwao "Miss January" uliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 13.6, bei ambayo hakuna mchoraji mwanamke aliye hai alikuwa ameifikia mnadani. Pesa hizo ni za aliyekuwa anaumiliki mchoro, si zake. Tuendelee na mambo ya maana.

—

Katuba243

Jambo kwenu wote. Mimi niko Lubumbashi, Katuba, munisamehe Kiswahili cha huku.

Mama wa Tilburg amesema mengi ya kweli, lakini hajasema juu ya mjane. Nitasema mimi, maana sisi hii mambo ni yetu.

Mwaka 2013 huyu Dumas alichora kazi inaitwa "Mjane". Ni mama Pauline Opango, muke wa Patrice Lumumba, waziri mukuu wa kwanza wa Kongo. Lumumba walimuua tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, hapa kwetu Katanga, porini Shilatembo. Habari ya kifo ikatangazwa Februari. Mama Pauline akatoka nje, kule Léopoldville, leo Kinshasa, akatembea barabarani kifua wazi, vile mwanamke wa kwetu analia bwana wake, anadai mwili. Watu wa magazeti wakamupiga picha. Mwili hakupewa. Hakukuwa na mwili, walikuwa wameuharibu kwa asidi. Kilichorudi ni jino moja, Ubelgiji walilirudisha 2022, miaka 61 baadaye, na kabla ya kuzikwa Kinshasa lilipitishwa huku Lubumbashi. Mimi nilikuwa barabarani siku ile, na mutoto wangu mabegani. Sanduku kubwa la mutu muzima, ndani jino.

Ile picha ya mama Pauline niko naijua tangu utoto, papa alikuwa nayo imekatwa kutoka gazeti, ndani ya Biblia. Gazeti ile waliandika habari ya ghasia na siasa, na mama akawekwa pale kama kitu cha kushangaza, mwanamke mweusi matiti nje. Papa alikuwa anaikunja katikati ili sisi watoto tuone uso peke yake.

Sasa nilipoona mchoro ya Dumas kwenye simu, nilifanya kitu kimoja: nilitafuta uso. Rangi nyepesi nyepesi, inapita kama maji, na uso unabaki. Na jina, "Mjane". Si "mwanamke wa Kongo", si "ghasia za Léopoldville". Neno moja ambalo linamupa heshima yake. Hapo nikaona huyu mama wa Kizungu ametazama picha kwa muda kuliko yule aliyeiandikia gazeti.

Lakini niseme pia kitu kinachoniuma. Ningetaka aandike Pauline. Alikuwa na jina. Dada wa Tanga, wewe wateja wako wanakuja na majina. Andika majina.

—

Binti_Chumbageni

Kaka wa Lubumbashi, pole sana, na asante. Nimesoma ya mzee wako kukunja gazeti nikaita mama asome.

Mama wa Tilburg, naomba nikusumbue tena kwenye ule wino. Karatasi anaisimamisha au anailaza? Maji yanatangulia?

—

Picha_Kibokoni

Salaam aleikum. Mimi ni mpiga picha, Mombasa, Kibokoni, tangu enzi za filamu, nikiosha mwenyewe gizani. Nimesoma yote kwa raha, lakini kuna mtu mumemsahau na huyo mtu ni mimi.

Kila mara munasema Dumas alichukua picha, alitumia picha. Picha haioti kama uyoga. Kuna mtu alisimama, akasubiri mwanga, akasema "inua kidevu kidogo," akabonyeza. Dadangu wa Tanga, hiyo picha ya pasipoti uliyoletewa, kuna mtu kama mimi aliyemfuta marehemu jasho kwa kitambaa kabla ya kumpiga. Nimepiga watu elfu nyingi, na wengi wao picha yangu ndiyo ya mwisho. Wakifa huja jamaa, "Fundi, bado unayo ile?" Nikiwa nayo huwa sichukui pesa.

Kwa hivyo aliyekuambia unakopi amekosea adabu, lakini swali lenyewe si la kutupwa. Mchoraji akichukua picha yangu, ameongeza nini? Huyu Dumas anachukua na maiti pia, nimeona. Kuna mmoja ni mwanamke amekufa, shingo ina alama, mdomo wazi. Nilifunga simu. Hapo namuuliza mama wa Tilburg, na sitaki ugomvi: huyo aliyekufa aliulizwa?

—

MamaTilburg

Fundi, swali lako limenifanya nisilale vizuri, na nimefurahi umeliuliza.

Huo uliouona unaitwa "Stern", wa 2004, uko jumba la Tate, London. Ni Ulrike Meinhof, Mjerumani aliyekuwa kwenye kundi la silaha miaka ya 70, alikutwa amekufa gerezani 1976. Picha ya maiti yake ilichapwa na gazeti la Stern la Ujerumani, na Dumas akaliacha jina la gazeti liwe jina la mchoro. Ona hapo: hajaficha alikoitoa. Jina la mwanamke halipo, la aliyeuza picha lipo. Mimi nasoma kwamba lawama ameielekeza kwa wote, wachapishaji, yeye mchoraji, na mimi niliyesimama kutazama.

Na picha hiyohiyo, fundi, picha moja, mchoraji wa Kijerumani Gerhard Richter alishaichora 1988, mara tatu. Zake ni za kijivu, zimefifishwa kama unatazama kupitia kioo chenye mvuke, na kila moja inakuwa ndogo zaidi na mbali zaidi. Anamwacha marehemu aondoke. Dumas amemsogeza mpaka karibu na pua yako. Mpiga picha ni mmoja, marehemu ni mmoja, na wachoraji wawili wamefanya vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Hilo ndilo jibu langu kwa swali la ameongeza nini. Anaamua wewe usimame umbali gani na yule mtu, na ukae naye muda gani.

Kama aliulizwa, hapana, hakuulizwa. Wala sina la kukutuliza hapo. Nafikiri Dumas mwenyewe hajatulia, maana kuna mchoro wake mdogo wa 1993, mwanamume amembeba mwanamke mikononi, kautoa kwenye filamu ya zamani, akauita "Picha kama Mzigo". Yalipofanyika maonyesho yake makubwa Amsterdam 2014, kisha London na Uswisi, jina hilohilo ndilo walilolibeba.

Nikupe na wa hapa nyumbani. Novemba 2, 2004 mtengeneza filamu Theo van Gogh aliuawa mchana kweupe Amsterdam, barabarani, na kijana aliyezaliwa mjini humohumo. Mimi nilikuwa sijafika nchi hii, ila nilipofika watu walikuwa bado wanatutazama vibaya kwenye treni sisi wa rangi yoyote isiyo yao. Uso wa kijana ule ulikuwa kila gazeti. Mwaka uliofuata Dumas akauchora. Kijana, ndevu, kimya. Jina: "Jirani". Hakuna kingine. Fundi, gazeti liliweka uso ule ili watu waogope. Yeye ameuweka ili watu wauangalie kama unavyomwangalia mtu wa mlango wa pili, na hiyo ni kazi ngumu, kwa sababu aliyekufa naye alikuwa jirani wa mtu.

Binti yangu wa Chumbageni, wino sasa. Karatasi inalala sakafuni, na yeye anainama juu yake. Anafanya kazi na maji mengi, anamwaga, anainua karatasi upande huu na upande huu, wino unakwenda. Kuna zinazoharibika, na zilizoharibika hazitupi zote. Ana kundi zima la michoro ya sura aliyoianza 1994 anaiita "Waliokataliwa", nyingine amezichana na kuzibandika upya, na anaionyesha hivyohivyo. Hata mwaka 2025 walipompa ukuta wa jumba la Louvre, Paris, wa kudumu, mwanamke wa kwanza wa zama zetu kupewa hivyo, aliwachorea nyuso tisa, za watu wasiojulikana.

Tafuta karatasi nzito. Nyepesi itakunjika.

—

Picha_Kibokoni

Nimeelewa, mama. Sijakubali yote, lakini umbali nimeelewa. Hata mimi kazi yangu nusu ni kuchagua nisimame wapi.

Dadangu, nina ombi moja. Ukiletewa picha, muulize aliyekuletea ilipigwa wapi na nani. Uliza tu.

—

Binti_Chumbageni

Nimerudi baada ya wiki tatu.

Karatasi nzito sikupata Tanga, nimetumia manila, zile nyeupe za kuchorea ramani shuleni. Zinajikunja kweli. Nimegundua ukiilowesha pande zote mbili kwanza, ukaibandika kwenye ubao kwa gundi ya karatasi kando kando, inakauka imenyooka. Wino nimechanganya wa kalamu na mwingine wa mihuri, ule wa mihuri una zambarau ukikauka, siupendi lakini kwenye midomo unafaa. Nimeharibu karatasi kumi na mbili. Sikuzitupa, nimeziweka chini ya godoro.

Alikuja mteja. Mama wa Deep Sea, hapahapa Tanga, mumewe alikuwa mvuvi, kafariki Ramadhani iliyopita. Kaleta picha ndogo ya kitambulisho, imechubuka kona. Nikamuuliza kama fundi alivyosema: shemeji, hii ilipigwa wapi, na nani?

Mimi nilidhani atasema sijui. Alikaa barazani akaeleza nusu saa. Ilipigwa na kijana aliyekuja na kamera pale mnadani pa samaki, wavuvi walipokuwa wanaandikishwa leseni. Mume katoka baharini usiku ule, macho mekundu, fulana imechanika, na aibu ikamshika. Akaazima shati la mdogo wake, jeupe, la kola. Lilikuwa dogo, vifungo vya juu havikufunga. Alipomaliza kupigwa akalivua palepale akarudishia. Mama akaniambia, "Hilo shati silijui mimi. Mume wangu hakuwa na shati hilo."

Halafu akasema, "Usilichore."

Miaka sita nachora, hakuna mteja aliyewahi kuniambia nisichore kitu. Nikampa chaguo, penseli kama kawaida yangu au wino. Nikamtolea zile mbili za wino zilizonusurika, sura ya bibi yangu. Akazigeuza geuza. Akauliza, "Na haya maji yanaondoka?" Nikamwambia maji yanakauka, wino unabaki. Akasema basi wa maji.

Nimemmaliza jana. Macho nimeyaacha mazito, yale ya usiku wa baharini, kijana wa kamera aliyapata vizuri na sikutaka kuyabadilisha. Chini ya kidevu nilianza na wino mwepesi wa shingo, nikaushusha kwa maji mpaka mabegani, nikasimama hapo. Shati halipo. Karatasi tupu.

Nyuma nimeandika jina lake kamili, na chini yake: picha ilipigwa mnadani pa samaki, Deep Sea, na kijana mwenye kamera. Mama anakuja kuchukua Ijumaa baada ya swala.

Fundi wa Kibokoni, ule wino wa mihuri ukikaa juani unapauka? Sebule yake ina dirisha kubwa upande wa magharibi.